Kuku Aliyemeza Mashindano ya Luhango

Usiku wa kuamkia leo niliota, na kabla mtu hajanicheka kwamba nilivimbiwa, ajue nililala na kikombe cha uji peke yake.

Naitwa Subilaga. Nacheza gofu ya kulipwa, kazi ambayo mama yangu mdogo mpaka leo anawaambia majirani kwamba ni "mambo ya viwanja". Msimu wetu huzunguka vituo: tunaanzia Dar, tunapita Morogoro, tunapanda Moshi na Arusha. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, tulikuwa tumalizie kwetu Luhango, huku Mufindi, ambako uwanja uko katikati ya mashamba ya chai na ukungu unaingia bila kubisha hodi.

Baba yangu, Mzee Ambakisye, ndiye aliyenifundisha kushika fimbo. Alikuwa mkata nyasi wa klabu ya Luhango mpaka miguu ilipomgomea. Tangu nianze kucheza mashindano ya kulipwa hajaniona nikipiga hata shimo moja, maana siku hizi hatoki chumbani, sembuse kusafiri. Mwaka huu vijana wa klabu walikuwa wameahidi kumbeba na kiti chake mpaka uwanjani. Alishachagua na koti la kuvaa.

Jana jioni kamati ikatangaza ratiba mpya, na Luhango haimo. Hawakueleza sababu. Nilishindwa kumwambia Baba. Nilimpelekea chakula, nikazungumzia habari za mvua, nikaenda kulala.

Sasa ndoto yenyewe.

Nimo ndani ya kiwanda cha chai, ghorofani, pale majani mabichi yanapotandazwa ili yanyauke. Ila leo hayajatandazwa majani. Zimetandazwa siku. Katikati yake amekaa mama mmoja mwenye kitenge na miwani, anapepeta kwa ungo. Nilimjua mara moja. Alikuwa Ratiba ya Msimu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita pembeni, usinikanyagie Februari."

Nikapita pembeni. Februari ni fupi, haikunisumbua kuikwepa.

"Nimekuja kuulizia Luhango," nikasema. "Ilikuwa ya mwisho kwenye msimu. Naona haimo."

Ratiba akarusha ungo, akapuliza makapi. "Mimi nilipepeta vizuri tu. Aprili ilikuwa na mawe, nikaitoa mawe. Agosti ilikuwa na wadudu. Luhango ikaruka, ikaanguka chini, kuku akaidonoa."

"Kuku gani?"

"Huyo hapo."

Chini ya meza alikuwepo kuku mwekundu, ametulia, na uso wa mtu ambaye keshakula na kunawa.

"Samahani sana, dada," kuku akasema. "Nilidhani ni mtama."

"Ni mashindano ya gofu."

"Sasa nimeelewa. Ila iko salama humu ndani. Ina baridi tu. Tangu jana natetemeka."

Nikamwamini, maana Luhango ni baridi kweli. Nikamuuliza Ratiba kama kuna namna ya kuirudisha. Kabla hajajibu, akaingia bwana mfupi aliyevaa suti ambayo lebo ya dukani bado inaning'inia kwenye mkono. Akatusalimia mmoja mmoja, hata kuku, akajitambulisha kuwa yeye ndiye Kanuni Mpya na ameanza kazi msimu huu.

"Kwa mujibu wangu mimi mwenyewe," akasema, "kituo kilichomezwa kinaweza kurudi. Kuku atataga mpira. Mchezaji ataupiga mpira huo kuanzia mwanzo wa msimu mpaka utumbukie kwenye shimo la mwisho la Luhango, mbele ya shahidi ambaye ni mkazi wa huko. Akipata adhabu hata moja, kituo kinabaki tumboni."

"Kwa hiyo mimi nitatetemeka maisha yangu yote?" kuku akauliza.

"Hilo si suala la gofu," Kanuni akajibu, lakini kwa upole.

Kuku akasimama, akazungukazunguka, akataga. Ukatoka mpira mweupe wa gofu, wenye vishimo vyake vidogo, ungali na joto. Nikamshukuru. Akasema si kitu, ameshawahi kutaga vigumu zaidi.

Napiga. Mpira unaruka juu ya Januari na kushuka Dar, katikati ya foleni ya magari. Wenye magari wanazima injini na kukaa kimya, kwa sababu mchezaji anapotaka kupiga, watu hawaongei. Honi zimenyamaza. Muuza maji amesimama na chupa hewani. Konda mmoja anamwekea kidole mdomoni mtoto mchanga wa abiria. Napiga tena, wananipigia makofi kwa adabu, wanawasha injini na kuanza kutukanana upya.

Tunashika barabara ya Morogoro, mimi na Kanuni mbele, kuku nyuma. Morogoro hatuikuti mahali pake. Ratiba ameisogeza mbele, kwa hiyo tunapishana nayo njiani, inatembea kando ya barabara, imejitwisha milima yake kichwani juu ya ngata.

"Samahani, naomba nipige kutokea hapo ulipokanyaga," namwambia.

"Piga tu, dada, lakini fanya haraka. Mimi nawahi Mei."

Napiga haraka. Sasa tuko Moshi, na mpira umetumbukia ndani ya sufuria ya mtori, ile supu nzito ya ndizi. Mama anayeukoroga ameinua mwiko, anatutazama.

"Huu mpira ni wenu?"

"Ni wangu, mama. Utusamehe."

"Haujaharibu kitu. Utoeni tu kabla sijaonja chumvi."

Kanuni akakohoa. "Mpira uliomo ndani ya mtori unatolewa bila adhabu, kisha unaangushwa chini kutoka kimo cha goti. Zamani ilikuwa bega. Tumeshusha."

"Goti la nani?" nikauliza.

"Kila mtu ananiuliza hivyo." Akafungua sanduku alilokuwa amebeba, akafunua pamba, akatoa goti. "Hili ndilo Goti Rasmi. Tunatumia hili nchi nzima."

"Habari zenu," Goti likasema. "Nimetoka safari ndefu, hata chai sijanywa."

Mama akalimiminia mtori kwenye kikombe. Likanywa likamaliza, likasema Mungu akubariki. Lilinywaje, sikujiuliza. Likasimama wima kwenye nyasi, nami nikauangusha mpira kutoka usawa wake. Wakati nachagua fimbo likaninong'oneza kwamba halikuiomba kazi hii. Lilikuwa likielewana vizuri na Bega, na sasa Bega halisalimii.

"Litazoea," nikaliambia.

"Ndivyo wanavyosema wote," Goti likasema.

Arusha tunaipita bila kusimama. Imefungwa, kuna mtu anapaka rangi Mlima Meru. Napiga mpira mrefu kuliko wote niliowahi kupiga, na ukungu unaumeza. Naunusa ukungu huo na kuujua. Unanukia majani mabichi ya chai na moshi wa kuni za nyumbani.

Mpira ulipita dirishani ukaingia chumbani kwa Baba.

Tulipofika alikuwa amekaa kitandani, amevaa lile koti alilolichagua. Sakafu yake ya saruji ilikuwa imegeuka grini, yaani zile nyasi fupi kabisa zinazozunguka shimo. Bendera ilisimama karibu na mlango. Kutoka kwenye mpira hadi shimoni ulibaki mkwaju mmoja tu, tena wa kawaida, ninaoweza kuupiga huku naongea. Tatizo lilikuwa umande. Ulitanda mweupe chumba kizima, na mpira ukipita kwenye umande mzito namna ile unabeba maji na kufia katikati.

"Shahidi ni nani?" Kanuni akauliza.

"Ni Baba yangu. Kazaliwa hapahapa."

Baba akamwambia karibu, akamwonyesha kigoda. Goti Rasmi likaamkia magoti ya Baba shikamoo, nayo yakaitikia kwa uchovu.

Mimi nikainama nifute umande kwa kiganja. Kanuni akainua kidole. "Mchezaji akifuta umande kwenye njia ya mpira wake, ni adhabu. Hiyo si yangu mimi, hiyo niliikuta."

Kuku akafunika uso kwa bawa.

Nikasimama pale na fimbo yangu. Niliona kabisa kwamba nikipiga utaishia njiani, na nisipopiga ni yaleyale. Hapo ndipo nikamweleza Baba kila kitu: kwamba Luhango imetolewa, kwamba nimeipigania tangu Dar mpaka hapa, kwamba jana nilimzungumzia mvua kwa sababu niliogopa kuuona uso wake. Nililia, sifichi. Nilikuwa nimetaka mno anione nikicheza, hata mara moja tu.

Baba akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mwanzi wangu uko wapi?"

Kila alfajiri, kabla mchezaji wa kwanza hajafika, Baba alikuwa akitembea kwenye grini za Luhango na mwanzi mrefu, mwembamba nchani, akifagia umande kushoto na kulia. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kabla hajawasha mashine. Mwanzi ulikuwa umeegemea kabati. Sijui nani aliuleta.

"Baba, miguu yako."

"Sijakuuliza miguu, mama. Nimekuuliza mwanzi."

Kanuni akasimama kutoka kwenye kigoda. "Mzee, umande haufutwi."

"Na mchezaji," Baba akamalizia. "Mimi si mchezaji. Mimi ni mtu wa nyasi."

Kanuni akafungua koti lake, akaanza kujisoma kwa ndani, kwenye bitana. Akajisoma hadi kwenye mikono, akakunja na miguu ya suruali akasoma na huko. Alipomaliza alikuwa anatabasamu.

"Ni kweli, nimo hivyo," akasema. "Hakuna aliyewahi kunisoma mpaka huku chini."

Baba akashusha miguu, akatafuta ndala zake kwa vidole, akazivaa. Goti Rasmi likasogea karibu likasema taratibu jamani, na magoti ya Baba yakaitikia haya. Akasimama. Alisimama moja kwa moja, bila kushika kitu, mrefu kama nilivyokuwa nimeshasahau kwamba ni mrefu.

Anafagia. Mwanzi unakwenda kushoto, unakwenda kulia, matone yanaruka mpaka kwenye chandarua. Nyuma yake inabaki njia ya kijani kibichi, imenyooka kutoka kwenye mpira wangu hadi shimoni. Anapofika kwenye bendera anageuka, anauegemea mwanzi.

"Haya," anasema. "Nikuone."

Napiga. Mpira unabingirika kwenye njia ya Baba, unakwenda, unapunguza mwendo, unafika kwenye ukingo wa shimo, unasimama. Wote tunainama. Goti linainama, na hiyo ndiyo kazi linayoiweza kuliko sote. Baba hapumui. Mpira unafikiri kidogo, kisha unatumbukia.

"Ah," kuku akasema. "Nimepata joto."

Nikaamka.

Jua lilishapiga bati na chumba kilikuwa cha moto. Nililala pale nikitabasamu peke yangu, halafu nikakumbuka kwamba kuna jambo bado sijamwambia mtu. Nikachemsha chai ya maziwa, nikampelekea Baba.

Alikuwa kitandani kama kawaida, amejifunika blanketi mpaka kifuani. Nikaweka kikombe kwenye meza na kuinama nisogeze ndala zake, kwa sababu zilikuwa katikati ya njia. Zilikuwa zimelowa. Zimelowa chapachapa, na chini yake kumenata vipande vya nyasi, vifupi kuliko punje ya mchele, vibichi. Nyumba yetu imezungukwa na chai na udongo uliofagiliwa. Nyasi za kukatwa fupi hivyo ziko kwenye grini tu, ng'ambo ya kilima, na Baba hajazivaa ndala hizo tangu masika.

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikiwa nimezishika. Niliyokuwa nimeyapanga kumwambia kuhusu kamati na ratiba yao yote yalinitoka kichwani.

Baba akachukua kikombe kwa mikono miwili, akapuliza.

"Ule wa mwisho," akasema, "uliupiga kwa woga. Ulipogoma pale ukingoni nikasema basi, leo huyu mtoto ananiua."