Kompaila Imenyamaza

Shemeji alikuwa na ugonjwa wa kupendezesha. Kila alipotoa toleo jipya la maktaba yake ya misimbo katika Haskell, lugha ya kuandikia programu, alibadilisha jina hili, akafuta lile, na waliojenga programu zao juu yake wakabaki kushika vichwa. Aliyeumia zaidi ni dada mdogo wa mkewe, aliyekaa naye meza moja ofisini, mwandishi wa programu ya kukokotoa dawa za wodi ya watoto wachanga.

Safari hii hakugusa jina. Aligeuza mpangilio tu: fomula iliyokuwa ikipokea dozi kwanza, kisha nguvu ya dawa, sasa ilitaka nguvu kwanza.

"Inasomeka vizuri zaidi," alisema.

"Na kompaila?" dada akauliza; hiyo ndiyo hukagua msimbo kabla programu haijaendeshwa.

"Kimya. Haskell hiyo, shemeji. Ikinyamaza, mambo safi. Madaktari wanakuja kuipokea programu yako mchana."

Ilinyamaza kwa kuwa dozi na nguvu zote zilikuwa namba tupu, bila alama ya kuzitofautisha. Dada akajaribu mgonjwa wa mfano: dozi miligramu tano, dawa ya miligramu hamsini kwa mililita. Toleo la zamani lilijibu sehemu ya kumi ya mililita. Jipya likajibu mililita kumi.

"Shemeji, umemzidishia kichanga mara mia."

"Si niliandika kwenye maelezo?"

"Uliandika 'usafi mdogo'."

"Sasa nao si mdogo?"

Dada akaacha kubishana na ukuta. Akaandika moduli, kipande cha msimbo cha kukaa katikati ya maktaba na programu yake: toleo la zamani lina mlango wake, jipya lina wake, na programu haijui tofauti. Ndani yake Dozi ikawa aina yake ya data, Nguvu nayo aina yake, si namba tupu tena. Atakayezipishanisha, kompaila imkatalie. Akafuata hata mpangilio mpya, shemeji asije akasema anaonewa.

Mchana madaktari walipofika, shemeji alikimbilia kibodi mwenyewe. Akaandika mfano kwa madaha: dozi, kisha nguvu. Mpangilio wa zamani. Vidole vyake havikuwa vimesoma maelezo.

Skrini ikajaa wekundu.

"Inasema nini?" daktari mkuu akauliza.

"Inasema... nimeleta Dozi mahali pa Nguvu."

"Na bila kizuizi hiki ingesemaje?"

Shemeji akajifanya anatafuta miwani.

"Isingesema kitu, daktari," dada akajibu. "Ingempa mtoto dozi mara mia."

Daktari akavuta kiti chake, akakihamishia upande wa dada.