Rangi Mpya ya Mashine ya Shemeji

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alinunua mashine kuukuu ya kuchonga chuma, ile inayoongozwa na kompyuta, akaipiga rangi ya bluu kabla hata ya kuiwasha. Ilipowaka, ikawa inazimika ovyo na kumpiga shoti kila aliyeigusa. Ndipo akakumbuka kwamba mimi ni fundi umeme.

Nilipofungua kabati la nyaya, nikamulika tochi ndani. Panya alikuwa amekaukia humo, bluu kuanzia pua hadi mkia.

"Ulimpulizia rangi huyu?"

"Nilidhani ni kifaa, shemeji."

Waya wa ardhi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, nao ulikuwa umefungwa juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Nikakwangua hadi chuma tupu, nikaukaza. Shoti ikaisha, na mashine ikaacha kuzimika. Panya nikamwachia mwenyewe amtoe, maana hiyo si kazi ya umeme.

Kesho yake akanipigia simu: shoti imerudi. Nikaenda. Alikuwa ameufungua waya, akapaka rangi pale nilipokwangua, kisha akaurudishia juu yake.

"Palikuwa panatia aibu, shemeji. Wateja wana macho."

Nikachungulia kabatini. Panya alikuwa palepale, naye kaongezewa rangi.