Mpira wa Munirah

Daktari Odero alikuwa akisukuma waya mwembamba kupitia mshipa wa paja la Munirah, macho kwenye skrini, mlango ulipopigwa teke.

Munirah alikuwa macho. Paja tu ndilo lililotiwa ganzi. Vali, mlango mdogo wa ndani ya moyo wake, ilikuwa imebana tangu homa ya utotoni, na sasa kufagia chumba chao cha Kawempe kulimfanya ateme damu. Kifua hakingepasuliwa. Mpira mdogo ungepita mshipani hadi moyoni, ujazwe maji, uipanue vali. Asubuhi nesi Nanyama alimweleza hivyo mumewe, Asuman, ila kwa ufupi: "Tutampitishia mpira pajani."

Asuman aliitikia kwa adabu. Lakini kule soko la Owino anakouza mitumba, mpira ni kondomu. Na wenzake wa benchi la nje walikuwa wamesikia.

"Mzee, bibi yako anapitishiwa mpira na mwanamume, wewe unalinda viatu vyake!"

Teke la pili liling'oa komeo.

"Mpira gani mnamwekea bibi yangu?"

Ngumi ilimkuta Odero mdomoni. Akaanguka na meza ya vyombo, waya na bomba lake vikachomoka pajani. Damu ikaenea kwenye shuka. Nanyama akalirukia paja, akakandamiza. Asuman akamshika kifundo cha mkono, akakipinda mpaka kikalia kama ukuni mkavu.

Nanyama akapiga yowe. Damu ikaanza upya.

"Baba Fatumah!" Munirah alihema. "Mpira ni wa moyo. Wa moyo! Unaniua."

Asuman akaitazama damu inayofika ukingoni mwa kitanda.

"Sista, nifanye nini?"

"Mkono wako hapa! Kandamiza. Usiachie!"

Akakandamiza. Ndipo askari wa getini alipoingia na rungu.

"Toka, wewe!"

Pigo la kwanza lilimpata begani. La pili lilimpasua nyuma ya sikio, damu yake ikadondokea ile ya mkewe. Hakuinua mkono hata kujikinga.

"Usimpige!" Nanyama alilia, mkono wake uliovunjika ameukumbatia kifuani. "Ukimtoa huyo, mama anakufa!"

Askari akashusha rungu, akabaki amemkamata ukosi.

Odero akainuka, akatema jino kwenye pamba. Alitazama mapigo ya moyo kwenye skrini, kisha paja. Damu ilikuwa imepungua.

"Vali, daktari?" Munirah aliuliza.

"Bado imebana, mama. Hatukuwa tumefika." Akatazama vyombo vilivyotapakaa sakafuni. "Kesho. Tutapitia paja la pili."

"Na huyu?" askari akauliza.

"Utamchukua akimaliza."

Munirah akamgeukia Nanyama. "Kesho, sista, huo mpira uuite jina lingine."

Asuman alikuwa akilia bila sauti, kiganja kikiwa palepale.

"Niachie sasa?" Asuman akauliza.

"Bado," Odero akasema.