Mtoro Afundishwa Choo

Mwaka ule wa tisini na nane, Mwatima alirudi kutoka Shiling, mji wa viwanda vya mikoba nje ya Guangzhou, akiwa na mikoba ya sampuli begani na mnyama hai ndani ya boksi la viatu. Mnyama mwenyewe alikuwa wa jamii ya kicheche: mrefu, mwembamba, manyoya rangi ya maziwa, macho mekundu, na mwili uliojikunja popote kama soksi. Alipewa na Bi Liang, mwenye kiwanda cha mikoba, ambaye kaka yake alifuga wanyama hao kwa ajili ya kola za makoti. Huyu mmoja alikataa kunenepa, basi Bi Liang akaona anafaa kuwa zawadi kwa mteja mzuri.

"Nimemwambia bu yao, bu yao, sitaki," Mwatima alimweleza mumewe. "Akadhani naona haya. Akaniongezea na kamba ya shingo."

Mumewe, Abass, alikuwa amefundisha Tanga maisha yake yote, na kwa sehemu kubwa ya maisha hayo alikuwa mwalimu wa nidhamu. Alipostaafishwa kabla ya wakati, akamfuata mkewe Guangzhou, mji ambao haukuwa na mtu yeyote wa kutiwa adabu naye. Mwatima ndiye aliyejua viwanda, mawakala na Kichina cha sokoni. Abass alibaki kwenye fleti yao ya mtaa wa Xiaobei, hatua chache kutoka jengo la maduka na ofisi la Tianxiu Dasha, akipika, akipokea simu za watu waliomtaka mkewe, na kupanga viatu vya mlangoni kuanzia kikubwa hadi kidogo.

Alimtazama yule mnyama. Mnyama naye akamtazama, akarudi kinyumenyume hadi kona ya sebule, akainua mkia, akajisaidia ukutani.

"Kesho namrudisha," Mwatima alisema, akitafuta tambara.

"Humrudishi," Abass alisema. Sauti yake ilikuwa imepata kitu ambacho Mwatima hakuwa amekisikia tangu watoke Tanga. "Mama Swalha, mimi nimefundisha watoto wa aina zote. Huyu atafundishika."

Akampa jina la Mtoro.

Kazi ikaanza asubuhi iliyofuata. Chumba cha kuswalia kilifungwa kwa ufunguo, maana suala la najisi halikuwa la mzaha. Abass akaomba maranda kwa fundi seremala wa mtaani, akayamwaga kwenye beseni, akaliweka karibu na mlango wa jikoni, akamketisha Mtoro mbele yake na kumweleza kwa Kiswahili sanifu matumizi ya beseni. Mtoro akaingia ndani, akachimba, akajifunika maranda, akalala. Alipoamka alitoka, akanyoosha mgongo, akaenda konani kujisaidia.

Abass akahamishia beseni kwenye kona hiyo. Mtoro akachagua kona ya pili. Abass akamfuata na beseni. Mtoro akaenda ya tatu. Siku nzima ikapita hivyo, beseni likizunguka sebule nyuma ya mkia, hadi Mwatima aliporudi kutoka Xintang kukagua jinzi akamkuta mumewe amekaa sakafuni, jasho linamtoka, amelikumbatia beseni.

"Anajua ninachotaka," Abass alisema kwa uchungu. "Ndiyo maana hafanyi."

Siku ya tatu alikuja Vedasto, kijana wa Bukoba aliyekuwa akisomea uhandisi wa majengo kwa ufadhili wa serikali. Alikuja kuomba kupiga simu nyumbani. Abass hakumpa simu, alimpa swali.

"Wewe ni mhandisi. Sebule inaweza kuishi bila kona?"

Vedasto alifikiri kwa makini, maana alimheshimu kila mtu aliyewahi kuitwa mwalimu. "Kona ni mahali kuta mbili zinapokutana, Mwalimu. Kuziondoa ni kubomoa. Lakini kona inaweza kujazwa."

Wakajaribu kuzijaza kwa maboksi ya mikoba. Mtoro akajipenyeza nyuma ya maboksi, na sampuli za Bi Liang zikaharibika. Wakajaribu mito ya makochi. Ikabidi mito itupwe. Mwishowe Vedasto, kwa kuchoka tu, akaketi chini kwenye kona moja. Abass akaketi kwenye nyingine. Mtoro akatoka usingizini, akaja kinyumenyume kwa Vedasto, akakuta viatu. Akaenda kwa Abass, akakuta magoti. Akazunguka, akaguna, akaingia kwenye kona ya tatu ambayo ilikuwa wazi.

"Tunahitaji mtu mmoja zaidi," Abass alinong'ona.

Mtu huyo alikuwa Abdulsalam, wakala wa mizigo kutoka Unguja, aliyekuwa na ofisi Tianxiu. Aliitwa kwa pilau. Alipofika alipewa sahani na kuonyeshwa kona.

"Sheikh Abass," alisema, "mimi mgeni. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Kaa tu. Na usiinuke."

Basi watu watatu wakala pilau, kila mmoja kwenye kona yake, wakizungumza kwa kupaaza sauti kuvuka chumba. Kona ya nne ilikuwa na beseni. Mtoro akapita kwa Vedasto, akapita kwa Abdulsalam, akapita kwa Abass, akasimama katikati ya sebule kama mtu aliyeshuka kituo asichokijua. Kisha akarudi kinyumenyume, polepole, akapanda beseni.

Abdulsalam ndiye aliyepiga takbira. Vedasto, Mkatoliki, alijikuta akipiga makofi.

Tatizo likawa kwamba bila watu, Mtoro alirudia ukutani. Ilibidi kona zikaliwe. Abass akaanza kualika. Wanafunzi wakaja na vitabu vyao, kwa sababu kona za Mwalimu zilikuwa na chai, maandazi na utulivu kuliko bweni. Sesilia, msichana wa Mbeya aliyesomea famasia, alijiwekea mto wake kwenye kona ya dirishani. Abdulsalam akahamishia huko mapumziko yake ya mchana. Aliyetaka kwenda msalani alinyoosha mkono, Abass akaja kushika zamu yake hadi arudi. Hakuna aliyecheka. Baada ya muda hakuna aliyekumbuka kuwa kuna jambo la kuchekesha.

Mwatima hakupenda. Alikuwa akirudi na miguu inawaka moto, anakuta watu ukutani kama wanafunzi walioadhibiwa.

"Baba Swalha, hii ni nyumba au kituo cha polisi?"

"Mbona beseni limejaa!" Abass alimjibu, uso unang'aa.

Ndipo Bi Liang alipokuja mwenyewe mjini, bila taarifa, kuzungumzia oda mpya na kumjulia hali mnyama wake. Siku hiyo Sesilia alikuwa na mtihani. Kona yake ilikuwa tupu; nyingine mbili walikuwamo Vedasto na Abdulsalam. Mtoro alikuwa ndiyo kwanza ameamka, ananyoosha mgongo. Abass aliona hatari. Alimshika Bi Liang kiwiko kwa heshima zote, akampeleka dirishani na kumkalisha kwenye mto.

Bi Liang akamuuliza Vedasto jambo kwa Kichina. Vedasto akajibu kwa kirefu.

"Umemwambia nini?" Mwatima aliuliza.

"Nimemwambia kwetu mgeni mkubwa hukaa konani, dada, ili pasiwe na mtu nyuma yake."

Bi Liang aliwatazama watu wa kona nyingine. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akanyoosha sketi yake, akaketi wima. "Hao," alisema kwa Kichina. Vizuri.

Mazungumzo ya oda yakafanyika hivyo. Mwatima alisimama peke yake katikati ya chumba kama mshtakiwa, akigeuka huku na huku. Alitaka bitana nzito. Bi Liang akajibu kutoka dirishani, bu xing, haiwezekani. Alitaka zipu ya shaba, bu xing. Abdulsalam, asiyehusika, akatoa maoni kutoka kwenye kona yake kwamba wateja wa Kariakoo hung'oa zipu mbovu kwa wiki moja. Vedasto akatafsiri. Abass, akiwa mlangoni mwa jikoni, akasema kwa sauti ya darasani kwamba mkoba wenye bitana nyepesi ni aibu kwa aliyeushona. Vedasto akatafsiri hilo pia. Bi Liang alijiona amezingirwa na baraza zima la wazee. Akakubali bitana. Akakubali zipu.

Wakati huo Mtoro alipita mbele yake, akakagua viatu vyake, akaendelea hadi kwenye beseni. Bi Liang alikodoa macho. Kaka yake, alisema, ana mamia ya hao na hakuna hata mmoja anayejua choo. Alimwangalia Abass kwa namna ambayo hakuna mtu Guangzhou aliyewahi kumwangalia. "Laoshi," alimwita. Mwalimu.

Abass aliinamisha kichwa. 

Wiki chache baadaye Mwatima hakwenda kiwandani; mafua yalimshika. Alitoka chumbani asubuhi, nyumba kimya, hakuna mgeni. Akasimama mlangoni mwa sebule. Mtoro alikuwa akitoka usingizini. Kona zote zilikuwa tupu. Mnyama alinyoosha mgongo, hakutazama kulia wala kushoto, akaenda moja kwa moja kwenye beseni, akajisaidia, akarudi kulala. Abass, aliyekuwa amechuchumaa pembeni na koleo dogo, akasafisha maranda haraka haraka kama mtu anayefuta alama. Alipogeuka akamwona mkewe.

"Tangu lini?" Mwatima aliuliza.

Abass alikaa chini. "Siku nyingi."

"Na wale wanaokuja kila siku kukaa ukutani?"

Abass alitazama mlango wa jikoni. Jikoni, unga wa maandazi ulikuwa umekandwa tayari, wa kutosha watu wengi, umefunikwa kwa kitambaa safi.

"Usiwaambie, Mama Swalha," alisema.

Mwatima alimtazama mumewe aliyekuwa amezoea kusikilizwa na shule nzima. Alipenga kamasi. Kengele ya mlango ikalia, na sauti ya Sesilia ikasikika nje ikibishana na ya Vedasto juu ya nani atakaa dirishani.

"Nenda ukafungue," Mwatima alisema, akijifunga kanga vizuri. "Mimi leo nitakaa ile ya karibu na jiko. Naumwa, nataka joto."