Kijito Uani kwa Abu Nasser

Milcah alikuwa akianika mashuka uani, mtaa wa Al Thumama jijini Doha, tajiri wake Abu Nasser aliporudi kutoka milima ya Oman na kijito kimekunjwa nyuma ya pikapu kama zulia. Mwaka ulikuwa 2011. Alikikunjua kando ya gereji, na maji yakaendelea na safari yake. Baada ya siku chache mlima nao ukafika, ukiyafuata maji yake, ukasimama nyuma ya jiko. Jirani alilalamika kwamba umemzibia dishi la televisheni.

Kisha wakaja ndege, na hao hasa ndio Abu Nasser aliowataka. Tangu astaafu hakuwa na kazi nyingine: huwanasa kwa wavu, huwavisha pete ya bati mguuni, huwaachia, kisha huketi na darubini kuwatazama. Lakini shorewanda na chiriku walikunywa, wakampa mgongo, wakaenda kutua mabegani mwa Milcah akipiga pasi. Mmoja alizoea kulala mfukoni mwa aproni. Abu Nasser akauliza anawalisha nini. Milcah akasema hawalishi kitu, huwaimbia tu akiosha vyombo. Abu Nasser naye akaimba. Chiriku wawili wakahamia Bahrain.

Ijumaa, siku ya mapumziko, ndiyo iliyomchoma zaidi. Milcah alipokwenda kanisani Mesaimeer kuonana na mchumba wake Kioko, bawabu wa hoteli, ndege wote waliliandama basi, na uani hakukubaki hata unyoya. Abu Nasser akamwambia asitoke tena.

"Baba, kuna mtu ananingoja," Milcah alisema.

"Na mimi wananikimbia," Abu Nasser alijibu, akafunga lango.

Ijumaa hiyo ndege walikwenda wenyewe. Walijipanga kwenye benchi la Kioko, na mzee wa kanisa akawaomba wasogee kidogo, Mama Hannah apate kukaa. Kioko hakutaka hata kuwatazama.

"Nyinyi mnashinda naye wiki nzima," aliwanong'oneza. "Mkija hapa hata salamu hamna."

Shorewanda mmoja akaimba kwa sauti ya Milcah, na kikohozi chake humo humo, akaeleza habari ya lango.

Ndoa yao ilikuwa imeshatangazwa. Siku ilipofika, Milcah akiwa bado nyuma ya lango, mchungaji aliuliza kama bibi harusi anakubali. Shorewanda akasema, "Nakubali," na akina mama wakapiga vigelegele. Kioko akamvisha pete mguuni, akaizungushia uzi isidondoke, akala wali na wageni, akarudi chumbani kwake Najma peke yake.

Jioni Abu Nasser alimnasa ndege yule, akaona dhahabu. Sura ilimbadilika. Kumbe kuna mtu mwingine hapa Doha anayewavisha ndege wake pete. Akauliza nyumba nzima pete hii ni ya nani.

"Yangu, Baba," Milcah alisema, akifuta mikono.

Abu Nasser akampa papo hapo, maana hakuwa mtu wa kula mali ya mtu. Ndege akamvisha ya bati. Kisha akaenda kuongeza kufuli langoni.