Pedali ya Kwanza

Hasira ya fundi ilianzia nambari saba. Ilikuwa bado hasira ndogo, ile ya mtu anayekijua kitu akilazimika kuwasikiliza wasiokijua.

Redio yake ilikaa juu ya rafu ya nyuzi, na mtangazaji, binti mwenye sauti laini na maneno mengi, alikuwa akihesabu kutoka kumi kushuka hadi moja. Alihesabu solo za gitaa la pedali zilizopendwa kuliko zote katika nyimbo zilizowahi kurekodiwa, kwa kura za wasikilizaji.

"Hiyo nambari saba inateleza tu kama sabuni bafuni," fundi aliiambia redio, miguu yake ikiendelea kukanyaga cherehani. "Anateleza kwa sababu hajui pa kusimama."

Mteja aliyekuwa akingoja gauni lake kwenye benchi, mwalimu wa shule ya msingi, aliangua kicheko. "Makubwa! Fundi nawe una utaalamu wa magitaa?"

"Ninao."

Mwalimu alidhani ni utani. Nani angemlaumu? Gitaa la pedali si kitu cha kumdhania mwanamke wa miaka sitini na miwili mwenye futi ya kupimia shingoni. Si hata gitaa la kukumbatia. Hulala chali kama meza ndogo yenye miguu minne, na mpigaji hukaa mbele yake kwenye kiti. Mkono mmoja husogeza kipande cha chuma juu ya nyuzi, mwingine hudonoa, na chini miguu hukanyaga pedali zinazovuta nyuzi hizo, ili noti ipande au ishuke ikiwa bado inalia.

Nambari tano ilimpendeza, nambari nne akaitukana waziwazi. Nambari mbili ilimfanya aache kushona, kwa maana mpigaji yule, marehemu wa siku nyingi, aliiacha noti moja ife yenyewe kabla ya kugusa nyingine, na wenye subira hiyo ni wachache.

"Na sasa, msikilizaji wangu, nambari moja!" alisema mtangazaji. "Sekunde arobaini na moja ambazo kila mpigaji amejaribu kuziiga na kila mpigaji ameshindwa. Sikia gitaa linavyolia kwa mapenzi! Ni mikono ya Kiongozi mwenyewe, na Jumamosi ijayo saa nne asubuhi tutakuwa naye hapa studio, moja kwa moja."

Solo ikapigwa. Fundi aliendelea kushona, macho yakiwa kwenye redio, na ilipokwisha mwalimu alisimama akalitazama gauni lake.

"Fundi, mkono umeuziba. Nitapitisha wapi kiganja?"

Ni kweli, alikuwa ameushona mkono wa gauni mdomo mzima. Katika miaka arobaini ya kazi hajawahi kufanya kosa la kitoto namna hiyo, akaanza kufumua kwa ghadhabu. Ile solo ilikuwa yake. Kila noti. Kiongozi, kama mashabiki walivyomwita mkuu huyo wa bendi, alikuwa kaka yake wa tumbo moja, na hakuwahi kukaa kwenye kiti cha gitaa lile hata kwa kupumzika.

Kesho yake kaka mtu akaja dukani mwenyewe, kofia upande, na suruali nyeusi ndani ya mfuko.

"Shikamoo, kaka," alisema fundi. Hasira ni hasira na adabu ni adabu.

"Marahaba, mdogo wangu. Nipanulie hapa kiunoni kidogo. Suruali imekaa kabatini ikapungua."

"Suruali haipungui, kaka. Inua mikono."

Akampitishia futi kiunoni. Kaka akavuta tumbo ndani.

"Pumua. Ukipimwa hivyo utakwenda redioni vifungo vikiwarukia watu machoni."

"Kwa hiyo umesikia mambo ya redio."

"Nimesikia."

Kaka alikohoa. "Wanataka solo ipigwe pale pale hewani. Nami vidole vyangu unavijua, baridi yabisi imevimaliza."

"Hata kabla ya baridi yabisi, vidole vyako vilikuwa havilijui gitaa lile."

"Ndiyo maana nimekuja. Uje upige wewe, mimi nizungumze. Nitawaambia ukweli, dada. Nakuapia. Umri huu nitadanganya ili nipate nini? Nitaanza na historia kidogo, watu wakae sawa, halafu nakutaja."

"Kwa jina langu."

"Kwa jina lako na la baba."

Fundi alipanua kiuno cha suruali ile kwa vidole viwili, akaipiga pasi, akaikunja. Alitaka kumwamini. Hilo lilimuudhi kuliko yote, kwamba miaka thelathini na moja baada ya kurekodi bado alikuwa na sehemu ndani yake inayomwamini mtu huyu.

Maana walikotoka ni mbali. Gitaa aliloliagiza kaka kwa bendi yake lilifika ndani ya sanduku, vipande vipande, bila karatasi ya maelekezo. Kaka alilitazama kwa saa nzima, akasema lina laana, akaenda zake. Fundi alibaki nalo sakafuni, pembeni ya cherehani. Aliona vyuma vinavyotoka kwenye pedali kwenda kwenye nyuzi, akajiambia kwamba hiki ni cherehani tu kisicho na sindano, akaviunganisha kwa akili ya cherehani. Miezi sita akajifundisha peke yake. Kaka alipomsikia, alimwingiza kwenye bendi, na lazima fundi aseme ukweli, ilihitaji moyo. Baba alinuna mwaka mzima. Jukwaani kaka alimkalisha nyuma ya ngoma, watu wasimwone.

Siku ya kurekodi, majalada ya santuri yalikuwa yamekwisha kuchapishwa. Fundi aliyakuta ndani ya boksi kwenye korido ya studio, akachukua moja, akasoma. Ngoma, jina la mtu. Besi, jina la mtu. Gitaa la pedali, jina la kaka yake. Na chini kabisa, kwa herufi za kuchungulia: Sare zimeshonwa na dada wa Kiongozi.

"Nani atanunua santuri ya gitaa linalopigwa na mwanamke?" kaka alimwambia pale pale koridoni. "Watasema bendi imeishiwa wanaume. Vumilia hii moja. Inayofuata tutarekebisha."

Taa nyekundu ikawaka. Fundi akakaa, akapiga sekunde arobaini na moja kwa mara moja tu, bila kurudia, akiwa na hasira ya kung'oa mlango. Watu wakaja wakasikia mapenzi. Na inayofuata haikurekebishwa, wala ile iliyofuata hiyo. Kila mara alipofungua mdomo, kaka alikuwa na sababu mkononi, naye akafunga. Alijichukia kwa hilo. Ulimi aliomtolea mteja aliyechelewa kulipia vifungo, kwa kaka yake ulikuwa haufanyi kazi.

Jumamosi walifika studio saa tatu na nusu, gitaa ndani ya gari la kukodi. Chumba kilikuwa kidogo, kuta zimefunikwa zulia, na kwenye meza maikrofoni mbili, moja ya mtangazaji na moja ya Kiongozi. Ya tatu ilielekezwa kwenye gitaa. Fundi aliliweka sawa, akavua viatu. Siku zote alipiga bila viatu.

"Karibu sana, mzee wetu," alisema mtangazaji saa nne ilipogonga. "Na naona umekuja na mama hapa. Tumtambulishe kwa wasikilizaji?"

Fundi akauinua uso.

"Huyu ni mdogo wangu," alisema kaka, kwa ile sauti yake ya jukwaani. "Ndiye aliyekuwa akitushonea sare. Sasa mikono yangu inauma, nikamfundisha kidogo kidogo, na leo atanisaidia. Mumvumilie, bado ni mwanafunzi."

Mtangazaji akacheka kwa upole na kumpongeza mama kwa kujifunza ukubwani. Fundi alijiambia, historia kidogo kwanza, si alisema hivyo? Ngoja.

"Mzee, wasikilizaji wanauliza. Siku ile unapiga solo ile, moyoni ulikuwa na nini?"

Kaka alishusha pumzi. "Mama yetu. Nilikuwa namfikiria mama. Mpaka anafariki, binti yangu, aliomba wimbo ule kila siku. Akifika kwenye solo anasema, huyo ni mwanangu."

Na hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana liliingia mpaka kwenye mfupa. Miaka sita ya mwisho mama aliishi kwa fundi, macho yamekwisha. Kila asubuhi fundi ndiye aliyemwekea santuri, kisha akakaa nyuma yake kumsuka. "Kaka yako ana mikono," mama alikuwa akisema. "Nawe usijisikie vibaya, mwanangu, hata kushona ni kazi." Mara ngapi alitaka kumwambia! Kaka alikuwa akija na matunda, akimvuta pembeni, akisema mgonjwa hasumbuliwi kwa mambo ya zamani. Mama akafa bila kusumbuliwa.

"Basi, mama, tupigie," alisema mtangazaji.

Fundi aliweka kile kipande cha chuma mapajani.

"Kabla sijapiga," alisema, na kwa kuwa maikrofoni ya gitaa ilikuwa karibu, sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, "nina swali kwa mwalimu wangu. Mimi mwanafunzi, nasahau sahau. Kaka, pedali ya kwanza, huku kushoto kabisa. Nikiikanyaga, noti inakwenda wapi?"

Kaka alitabasamu kuelekea kwa mtangazaji. Swali lilikuwa jepesi. Miaka yote aliyohojiwa alikuwa ameokota mawili matatu kwa wapigaji wengine. "Inapanda, dada. Kila mpigaji anajua. Pedali ya kwanza inapandisha."

Fundi alidonoa uzi mmoja, akakanyaga. Noti ikashuka. Akadonoa tena, akakanyaga tena. Ikashuka tena, polepole.

"Hili linashusha," alisema. "Kwa wapigaji wote inapanda, hapa inashuka, kwa sababu nililiunga mwenyewe sakafuni kwangu, nikakosea tundu la chuma. Nilipokuja kuambiwa nimekosea, miguu ilikuwa imekwisha kuzoea. Ndiyo maana hakuna anayeweza kuiga solo ile. Wanatafuta juu kitu kilichoko chini. Aliyeipiga angejua. Kaka yangu hajui kwa sababu hajawahi kuweka mguu wake hapa. Siku moja! Hata siku moja!"

"Dada amechoka," alisema kaka haraka. "Umri huu, unajua, mambo yanachanganyika..."

"Sijachanganyikiwa! Nimekasirika! Usiwachanganyie watu vitu viwili!"

Mtangazaji alikuwa ameshika vipokea sauti vyake kwa mikono miwili. Nyuma ya kioo fundi mitambo alikuwa akimwashiria aweke tangazo la biashara, naye akatikisa kichwa kukataa.

"Mama," alisema hatimaye, "siku ile ulikuwa na nini moyoni?"

"Hiki hiki."

Akapiga. Hakupunguza wala hakuongeza, na vidole vilivyozeeka vilichelewa kidogo mahali pawili, lakini zile noti zilizoshuka zilishuka pale pale. Mtangazaji, aliyeisikia mara mia na kuiita mapenzi, alirudi nyuma kidogo kwenye kiti chake. Sekunde arobaini na moja zilipokwisha, fundi alitaja jina lake, la baba na la babu, taratibu, kama mtu anayemwandikisha karani mzito wa kusikia. Simu za studio zikaanza kuwaka zote kwa pamoja.

Waliukuta wimbo ukiendelea kwenye spika ya korido walipotoka. Fundi alibeba miguu ya gitaa, kaka akabeba kofia yake tu. Uso ulikuwa umemshuka, na fundi alimwona kwa mara ya kwanza kuwa mzee kabisa, akatafuta huruma ndani yake, hakuipata. Alitegemea walau utulivu. Nao haukuwepo. Hasira ilikuwa pale pale, nzima, kana kwamba hakuitoa hata tone.

"Umeniaibisha mbele ya nchi nzima," alisema kaka. Machozi yalikuwa yakimlenga. "Si ungeniambia faraghani? Mimi si damu yako?"

Fundi aliendelea kutembea.

"Haya. Umepata ulichotaka. Sasa watu wote wanajua. Umeridhika?"

Fundi alisimama, akamgeukia.

"Mama hajui," alisema.