Injini Iliyopashwa Moto

Daktari wa meno alikuwa na tabia moja iliyomkera mkewe: akienda kununua gari la zamani, mkono uligusa injini kabla mdomo haujatoa salamu. Ikiwa baridi, mazungumzo yaendelee. Ikiwa ya moto, anageuza, hata chai hagusi. Muuzaji anayewasha gari kabla wageni hawajafika, alisema, anaficha moshi ambao injini mbovu huutoa ikiwashwa ikiwa baridi.

Basi asubuhi hiyo aliingia uani kwa mwalimu mstaafu, mjane, akapita moja kwa moja mpaka nyuma ya gari. Maana magari aliyoyapenda, ya michezo ya aina moja ya mwanzo mwanzo, injini huibeba mgongoni, na hayana rejeta wala tone la maji. Feni inavuta upepo, upepo unapoza. Daktari alikuwa nayo mawili nyumbani, yamelala chini ya turubai kama wagonjwa waliochomwa ganzi. Hili la tatu lilikuwa la zamani kuliko yote, na alikuwa amelisaka miaka sita.

Akafunua boneti. Akagusa.

"Mama wee!" Akapuliza vidole.

"Nini tena?" akauliza Spana, kaka wa mkewe na fundi wa magari yake, aliyekuwa akimsubiri getini, wakaingia pamoja.

"Inachemka kama uji."

"Basi twende zetu, shemeji," Spana akasema, kofia tayari kichwani. "Hili ni gonjwa."

Daktari alishapiga hatua tatu kuelekea getini kitu kilipomkwaruza moyoni. Spana? Spana huyu aliyembembeleza mwaka jana anunue gari lisilo na sakafu, leo ndiye wa kwanza kukimbia?

Akarudi. Akatoa mfukoni kioo chake cha kazini, kile cha kuchungulia magego, akakipenyeza chini ya feni. Namba ya injini ikamtazama, ile ile ya kwenye kadi ya gari, ambayo picha yake alishatumiwa. Akapitisha sumaku kwenye milango na madigadi. Ikanasa kila mahali, hakuna kutu iliyozibwa kwa puti.

"Jino zima," akanong'ona, "halina hata tobo." Hapo ndipo wasiwasi ukamzidi. Gari zima hivi, la kupashwa moto kwa nini?

"Shikamoo, Mwalimu," hatimaye akakumbuka adabu.

"Marahaba. Nilidhani unasalimia magari tu."

"Naomba kiti. Nitasubiri lipoe."

"Shemeji, una wagonjwa!" Spana akadakia.

"Meno hayana miguu. Nitawakuta nayo."

"Litachukua saa tatu!"

"Hata sita."

Wakakaa barazani. Jicho moja la Daktari lilikuwa kwa gari, la pili kwa Spana. Spana alikunja nne, akaikunjua, akaperuzi simu iliyokuwa imeisha chaji.

Mwalimu akaleta chai. "Ila nyie mnanichanganya," akasema. "Mnasubiri lipoe, na huyu fundi wako ndiye aliyekuja alfajiri akaniambia umemtuma alipashe moto."

Chai ya Spana ikapita njia ya hewa. Daktari alimtazama kama anavyomtazama mgonjwa anayeapa kwamba anapiga mswaki kila siku.

"Ungelinunua ungelifunika," Spana akasema alipomaliza kukohoa. "Yale mawili nayatengeneza mimi, na sijawahi kuyaona barabarani. Hili nilitaka kulichukua mwenyewe, liendeshwe."

"Ndiyo unifukuze kwa tabia yangu mwenyewe?"

"Hakuna kingine kinachokufukuza, shemeji."

Mwalimu alicheka mpaka akaweka birika chini.

Lilipopoa kabisa, Daktari akaliwasha. Likatoa kamoshi kidogo, ka kusafisha koo, kisha feni ikashika wimbo wake. Akalinunua papo hapo. Lakini alipotaka kuondoka, gari likaruka kama chura na kuzima. Akawasha tena, likazima tena. Miaka ya turubai ilikuwa imeusahaulisha mguu klachi. Mwalimu akaziba uso kwa kiganja.

Daktari akashuka, akazunguka upande wa abiria.

"Endesha," akamwambia Spana.

"Kweli?"

"Mpaka nyumbani. Na mimi niko hapa hapa."

Akatoa kile kioo kidogo, akakielekeza usoni kwa shemeji yake ili amchunge, na hakukirudisha mfukoni.

Kwenye njia panda, nyumbani kulikuwa kulia. Spana akakata kushoto, kwenye barabara ndefu ya kuzunguka. Daktari aliona kila kitu kiooni, akashusha dirisha upepo uingie.